Foronya ya Chumba Namba Nne

Sikusomea kazi ya kutunza vyumba. Nilijifunza kwa simu, nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma za gesti, nikitazama video za watu wanaotandika vitanda katika hoteli za nchi ambazo sijui kama nitafika. Nilijifunza kukunja pembe za shuka, kusugua mfereji wa sinki hadi ung'ae, na kupanga taulo ili mshono usielekee mlangoni. Hakuna aliyenituma. Gesti yetu ina vyumba tisa, iko juu kidogo ya mji wa Machakos, na wageni wengi hulala usiku mmoja au miwili wakaenda zao. Hawaangalii mshono wa taulo. Niliyeangalia ni mimi, na nikishatoka chumbani nilirudi kuangalia tena, wakati mwingine mara tatu, kwa ile hofu kwamba kuna kitu nimesahau na mtu mwingine atakiona kabla yangu.

Mwenye gesti ni mwalimu mstaafu, na sisi humwita Mwalimu. Siku moja alisimama kwenye mlango wa chumba nilichokuwa nimemaliza, akatazama huku na huku, akasema hajawahi kupata mfanyakazi kama mimi. Maneno hayo niliyabeba kila mahali. Nayataja mapema kwa sababu ndiyo yaliyonifunga mdomo baadaye.

Nguo za vitanda zilifuliwa na mama mmoja wa makamo ambaye alikuwa pale miaka mingi kabla yangu. Nilimwita Mwaitu, jina ambalo Mkamba humwita mama yake, naye aliniita mwana wakwa, mtoto wangu, ingawa hatukuwa na undugu wowote.

Mvua za mwisho wa mwaka zikinyesha siku kadhaa mfululizo, vyumba huingiwa na wadudu wa kila aina, na mbaya kuliko wote ni yule tunayemwita nairobi flai. Ni mwembamba, urefu wake kama punje ya mchele, mwekundu na mweusi. Haumi. Lakini kila aliyekulia huku anajua kwamba hapondwi. Akitua mkononi unampuliza tu aende zake. Ukimponda, maji yake yakagusa ngozi, siku ya pili ngozi inawaka kama iliyomwagiwa uji wa moto, na yakifika karibu na jicho, jicho linafura na kufunga. Hilo nililijua tangu nikiwa mtoto. Sina kisingizio cha kutojua.

Alhamisi moja ya mvua hizo tulitarajia kijana mmoja anayefanya kazi kwenye kiwanda cha simiti huko Athi River, pamoja na ndugu wawili wa baba yake kutoka Kenya ya kati. Jumamosi walikuwa wanapeleka ntheo, wale mbuzi ambao bila hao Mkamba hakubali kwamba binti yake ameolewa, kwa wazazi wa msichana upande wa Kangundo.

“Hawa wanaenda kwa wakwe,” Mwalimu aliniambia. “Wasione mdudu hata mmoja.”

Nilipoingia chumba namba nne, cha kijana, nilikuta nairobi flai kumi na mmoja kwenye ukuta, wengi karibu na taa iliyo juu ya kitanda. Nilianza vizuri. Wawili wa kwanza niliwasukumia kwenye kipande cha karatasi ngumu, nikawatoa nje. Mmoja akarudi. Nikamtoa tena. Wa tatu akaanguka nyuma ya kitanda, nikasogeza kitanda kizima kumtafuta. Saa ilikuwa inakwenda na bado nilikuwa na vyumba viwili. Nikavaa glavu, nikachukua kitambaa cha buluu kilicholowa, nikawaponda waliobaki ukutani, mmoja mmoja, kwa kidole gumba. Nikapangusa hadi ukuta ukabaki mweupe kabisa.

Kisha nikaona mkunjo kwenye foronya. Ulikuwa mstari mdogo tu, urefu wa kidole. Video moja ilinifundisha kwamba mkunjo wa namna hiyo unanyooshwa kwa kitambaa chenye unyevu. Nilikuwa na sheria yangu mwenyewe: kitambaa cha buluu ni cha kuta, cheupe ni cha vitanda. Cheupe nilikuwa nimekiacha chumba namba saba, mwendo wa hatua ishirini hivi. Niligeuza kile cha buluu upande wa pili, nikapitisha juu ya foronya mara mbili. Mkunjo ukaisha. Nikatoka, nikarudi kuangalia, nikaridhika.

Ijumaa hatukubadilisha shuka kwa kuwa wageni walikuwa bado wapo. Jioni ya siku hiyo kifundo cha mkono wangu, pale glavu inapoishia, kilianza kuwasha. Nilijiambia ni mpira wa glavu.

Jumamosi asubuhi kijana alitoka chumbani ameshika shavu. Jicho la kushoto lilikuwa limefunga, na mstari mwekundu wenye malengelenge ulishuka kutoka chini ya jicho hadi shingoni. Wale ndugu wawili wa baba yake walikuwa wakinywa chai.

“Haiya! Ulipigana na nani?” aliuliza yule mdogo.

“Sijapigana. Nimeamka tu hivi.”

“Wakamba watasema tumewaletea mtu wa vita za baa.”

“Mwache,” yule mkubwa alisema. “Atawasalimia akiangalia kando, kama kuku.”

Walicheka, lakini kijana hakucheka. Mwalimu aliitwa. Aliingia chumbani, akafunua pazia, akainama kutazama nyuma ya kitanda, akatazama ukuta wote hadi darini. Mimi nilisimama kwenye korido na fagio.

“Ningesema ni nairobi flai,” alisema, “lakini tazama chumba. Hakuna hata mmoja.”

Kisha akachukua foronya akainusa. Nguo zetu zote zilikuwa na harufu ya dawa ya kung'arishia. Akamwita Mwaitu, naye akaja mikono ikichuruzika maji ya sabuni.

“Hizi ulisuuza mara ngapi?”

“Mara mbili, Mwalimu.”

“Na dawa uliweka kiasi gani?”

“Kifuniko kimoja, vile uliniambia.”

“Kimoja? Una uhakika?”

Mwaitu alitazama uso wa kijana. Nadhani uso ule ndio uliomtisha. “Nafikiri kimoja,” alisema.

“Unafikiri! Na mtoto wa watu anaenda kwa wakwe na jicho moja.”

“Nisamehe, mwanangu,” Mwaitu alimwambia kijana. “Ni mimi nimekuchoma.”

Mwalimu hakupaza sauti. Alimwambia amalize nguo za siku hiyo, na Jumatatu asije.

Ningependa kuandika kwamba nilielewa baadaye. Si kweli. Kitambaa cha buluu kilinijia akilini mara tu nilipoona lile shavu, kabla Mwalimu hajainusa foronya. Nilichofikiri ni hiki: nikisema, yale maneno aliyoniambia mlangoni yanakufa leo. Nikafagia korido ambayo nilikuwa nimeshaifagia. Wageni wakaondoka na mbuzi wao. Nilipoingia bafuni nikatazama kifundo cha mkono, na mstari ulikuwepo, mwekundu, sawa kabisa na wa kijana. Nikavaa sweta la mikono mirefu, ingawa jua lilikuwa limetoka na kulikuwa na joto.

Mchana Mwaitu alinikuta kwenye ngazi za nyuma.

“Mwana wakwa, wewe unaandika vizuri. Niandikie barua. Kuna gesti ingine huko chini karibu na steji ya matatu, nasikia wanatafuta mtu wa kufua.”

Nilileta karatasi na kalamu. “Niseme nini?”

“Sema nimefua hapa miaka mingi. Sema nafua hata blanketi nzito kwa mkono. Halafu sema ni kwa nini nimetoka.”

“Hiyo si lazima, Mwaitu.”

“Ni lazima. Watauliza tu. Andika niliunguza mgeni, lakini haikuwa kusudi.”

Niliandika. Sikupenda herufi zilivyokaa, nikachukua karatasi nyingine. Kila nilipofika kwenye ile sentensi nilifuta, nikaanza upya. Mwaitu alidhani namfanyia kazi nzuri.

“Najaribu kukumbuka hiyo beseni,” alisema huku akisubiri. “Naona nikisuuza mara ya kwanza. Ya pili naona nikimwaga maji, lakini sijui kama hiyo ni ya juzi ama ya siku ingine. Na kifuniko pia. Sasa sijui. Labda viliingia viwili na mimi sikuona.”

Alikunja vidole vyake, akavikunjua, akavitazama. Hali hiyo naijua. Ni mimi nikirudi chumbani mara tatu kutazama mfereji ambao nimeufunga mwenyewe. Mwaitu hakuwa hivyo. Alikuwa mtu wa kufua, kuanika na kwenda nyumbani. Nilikuwa nimemwambukiza ugonjwa wangu, na sasa nilikuwa nauandika kwa hati safi.

Nilimwambia nakuja. Mwalimu alikuwa kwenye varanda akichagua ndengu kwenye ungo. Nilivuta mkono wa sweta juu, nikamwonyesha, nikamweleza yote kwa kwikwi: ukuta, kitambaa, mkunjo.

“Kwa hivyo walikuwepo,” alisema.

“Kumi na mmoja.”

“Na ukawaponda.”

“Ndiyo, Mwalimu.”

“Asubuhi nikiongea na huyo mama, ulikuwa wapi?”

“Kwenye korido.”

“Ulinisikia nikimwambia asije?”

“Nilikusikia.”

Aliendelea kutoa vijiwe kwenye ndengu. Nilisubiri anifukuze, na kusema kweli nilitamani anifukuze, kwa sababu hilo lingekwisha haraka. “Nenda umwambie mwenyewe,” alisema mwishoni. “Usiseme nimekutuma. Jumatatu aje kama kawaida. Mimi pia niko na neno la kumwambia, lakini wewe utatangulia.”

Mwaitu alikuwa bado kwenye ngazi. Sikutafuta maneno. Nilimwonyesha mkono. Aliushika, akaugeuza kwenye mwanga, na sikuhitaji kumtajia mdudu.

“Lini?”

“Alhamisi. Kitambaa nilichowapondea ndicho nilichopitisha kwenye foronya.”

“Na asubuhi ulijua?”

“Nilijua.”

“Na ukakaa hapa ukaniandikia barua.”

“Niliandika.”

Aliuachilia mkono wangu. Alitazama mahali pa kufulia, yale mabeseni mawili na jiwe. “Mara mbili,” alisema, si kwangu. “Nilisuuza mara mbili.” Akapumua kwa nguvu. Kisha akanigeukia, na sauti yake haikuwa ile ninayoijua.

“Sasa sikia. Mlinzi wa geti anajua nimechoma mtu. Mama wa mandazi anajua. Hao wa bodaboda tangu saa nne wananiita Mama Moto. Mimi nikizunguka nikisema si mimi, watasema najitetea. Wewe ndio utazunguka.”

“Leo?”

“Kwani mimi nilichekwa lini? Si leo?”

Kuongea na watu nisiowazoea ni kitu ninachokiogopa kuliko kukosea shuka. Huwa najiandaa moyoni hata kununua mandazi. Lakini nilikwenda. Mlinzi alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa. “Mtu wa Machakos mzima anaponda nairobi flai! Ukiwa wa Nairobi ningekusamehe.” Mama wa mandazi, anayeuza mbele ya geti, alipiga makofi. “Hata mtoto wa nasari anapuliza! Wewe mkubwa hivi ulikosa pumzi?” Wateja wake wawili wakageuka kunitazama, na nikalazimika kurudia habari yote kwa ajili yao.

Nilikuwa bado hapo gari la wageni liliporudi kuchukua mizigo. Kijana alishuka, jicho likiwa limefura zaidi kuliko asubuhi, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshiba. Nilimwambia kabla sijaishiwa na nguvu.

“Ni wewe?” alisema. “Nyanyake msichana alijua hata kabla sijakaa. Ameniosha na sabuni ya kipande, akaniuliza, ni nani huyo mjinga aliyemponda?”

“Umepata jibu la kumpelekea,” alisema yule mzee mdogo kutoka ndani ya gari. “Mbuzi wamepokelewa na jicho pia.”

Kwa hiyo ukweli ungefika hata kama ningenyamaza. Niliutangulia kwa saa mbili au tatu. Nimejiuliza mara nyingi kama saa hizo zinahesabika, na siku nyingine naona zinahesabika, siku nyingine sioni.

Waliobaki ni wa bodaboda. Walikuwa sita, wamekaa juu ya pikipiki zao chini ya paa la mabati. Nilisema yote kwa haraka, nikitazama magurudumu. Walicheka kama nilivyotarajia, mmoja akataka kuona mkono, wote wakauona. Kisha yule mkubwa wao, ambaye alikuwa amecheka kidogo kuliko wengine, akaniuliza jambo ambalo siku nzima hakuna aliyeniuliza.

“Na asubuhi mbona hukusema?”

“Niliogopa kuharibu jina langu.”

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, hakuwa ananikejeli. “Jina gani?” aliuliza. “Sisi tulikuwa tunakujua?”

Mawingu yalikuwa yamerudi upande wa milima, na nyuma ya gesti Mwaitu alikuwa ameanza kuanua shuka peke yake. Nilivuka barabara mbio. Hakuniambia karibu wala hakunifukuza. Alinisukumia ncha mbili za shuka, nikazishika, tukakunja, yeye akitembea kuja kwangu na kurudi, hadi matone ya kwanza yakaanza kuanguka na bado kamba moja ilikuwa imejaa.