Kona ya Kijani

Mimi ni mtu wa hasira, na sijawahi kulionea haya hilo. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili katika chuo kimoja kupita Kisian, barabara ya Busia, na mali yangu yote ya maana ilikuwa kipande cha chuma cha pua, upana wa kidole gumba, kilicholowa kwenye gilasi ya asidi.

Hicho ndicho kilichokuwa elektrodi yangu. Nilikipaka utando wa plastiki inayopitisha umeme, ukakishika kama ukoko wa ugali unavyoshika sufuria. Ndani ya asidi utando ulikuwa kijani, na ulihifadhi chaji nyingi kuliko chuma kitupu. Kazi yangu ilikuwa kuupima: umeme wa kwenda na kurudi ukipigwa haraka, utando unaukinza kiasi gani; ukipigwa polepole, unameza chaji kiasi gani. Mashine ya kupimia tuliiazima Nairobi na, siku ninayoisimulia, ilitakiwa irudi huko kesho yake. Kemikali ya kutengeneza utando mwingine ilikuwa imekwisha. Elektrodi ile ikiharibika, shahada yangu imekwenda nayo.

Mchana huo wanafunzi wakagoma. Mawe yaliruka barabarani, kisha askari wa kutuliza ghasia wakaja na malori yao na gesi ya machozi. Mimi na mwenzangu wa maabara, mwanamume mpole wa Pap Onditi, tuliisukuma mashine chini ya meza na kujifungia. Wakauvunja mlango kwa mateke.

Walianza na vioo. Mwenzangu alipigwa rungu la sikio, akaanguka juu ya vigae vya chupa, damu ikimtoka sikioni. Askari mmoja mnene akaiona gilasi yangu na nyaya zake.

"Ndio hapa mnapika bomu?"

"Afande, hiyo ni ya masomo. Usiiguse, tafadhali."

Nilisema tafadhali. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Alivuta waya, elektrodi ikatoka ikichuruzika. Akaipangusa kwenye suruali yake, mbele na nyuma, kama mtu anayepangusa panga baada ya kufyeka nyasi. Kijani changu cha miezi mingi kikabaki pajani mwake.

Nikamng'ata. Nilizamisha meno kwenye kifundo cha mkono wake mpaka nikaonja damu.

"Nyaminwa, wacha!" mwenzangu alilia pale sakafuni, akiniita dada kwa Kijaluo. "Hawa watu wataua wewe bure!"

Sikuacha. Elektrodi ikaanguka, nikaifumbata, na rungu likashuka juu ya ngumi yangu. Likashuka tena. Vidole vilivunjika kama miwa, nikavisikia kwa masikio yangu. Nilijikojolea kwa uchungu, lakini ngumi sikuifungua. Kisha filimbi ikapigwa huko nje, wakaondoka. Nilimwombea yule mnene asidi imtoboe suruali, na isiishie hapo.

Mwenzangu alitaka tukimbilie hospitali Kisumu. Nikamwambia anipe kwanza rangi ya kucha. Tulikuwa tukiiweka maabara kwa sababu ikikauka asidi haipenyi, kwa hiyo tuliitumia kufunika sehemu ya chuma tusiyotaka kuipima. Nilipokifungua kiganja niliona kona moja ya utando imesalimika, ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Kwa mkono wa kushoto, kifuniko cha rangi kikiwa kati ya meno yangu, nilipaka chuma chote kilichobaki wazi. Niliiacha ile kona tu. Rangi ilipokauka tukairudisha elektrodi kwenye asidi, tukaivuta mashine kutoka chini ya meza, tukaiwasha.

Kalamu ya mashine ilitambaa kwenye karatasi. Ilipofika kwenye umeme wa polepole, mstari ukapanda wima, vile unavyopanda utando unapohifadhi chaji.

"Inashika!" alisema mwenzangu, kwa sauti kubwa mno, maana sikio lake moja lilikuwa halisikii tena. Halikusikia tena kamwe. Hapo ndipo nilipolia.

Baadaye, kwenye mtihani wa kujieleza mbele ya walimu, mtahini mgeni aliyafungua majedwali yangu na kuvua miwani.

"Vipimo ni vizuri," alisema. "Lakini kwa nini ulichagua eneo dogo hivi?"

Nikaweka mkono wa kulia mezani, na vidole vyake ambavyo havikunjuki. Aliutazama, kisha akafungua ukurasa uliofuata.