Damu ya Puani na Barua ya Posa

Hii sijawahi kuisimulia kwa mdomo wangu, maana kila nikitaka kuanza masikio yanapata moto kwa aibu, lakini kwa kuwa nyote mlishaiona ile video (na msijifanye hamkuiona, wengine wenu ndio mlioisambaza), bora niseme mwenyewe kuliko kuendelea kusikia watu wakinisimulia vibaya kuliko nilivyokuwa, ingawa kusema kweli ni vigumu kunisimulia vibaya kuliko nilivyokuwa.

Ilikuwa siku ya kupokelewa posa yangu. Mchumba wangu Masanja ni dereva wa greda, wakati huo alikuwa kwenye barabara fulani huko Manyoni, kwao ni Sengerema, na tulikuwa pamoja mwaka wa pili. Mimi nilikuwa nimefikisha miaka thelathini na moja na mama yangu alishaanza kuniombea kwa sauti, tena mbele ya wageni. Sasa mnajua taratibu zetu, wazee wa upande wa mwanaume wanakuja na mshenga na barua, binti anakaa ndani kimya kama hayupo mpaka aitwe, na wazee wenyewe anakuwa hajawahi kuwaona. Baba yake Masanja alishafariki, anayesimama mahali pake ni baba yake mdogo, Mzee Kulwa, ambaye alikuwa anakuja kwa basi kutoka Sengerema kwa ajili ya hiyo shughuli tu, na Masanja alishaniambia wazi kwamba huyo mzee akirudi na barua mfukoni basi hakuna ndoa, yeye hawezi kumpita. Hilo nililijua vizuri. Sura ya mzee ndiyo sikuijua.

Na siku zile ndiyo ilikuwa imetangazwa ile homa ya virusi, ile inayoua kwa kutoka damu, katika wilaya moja ya Kanda ya Ziwa. Wilaya moja. Ukitaka kutoka hapo hadi Sengerema unapanda basi na unashinda njiani, lakini sisi huku Nkuhungu, Dodoma, kanda nzima tuliifanya kijiji kimoja, mtu akitaja samaki tu tunasogea pembeni. Walioathirika walikuwa wanazika watu wao, na sisi tulikuwa tunaogopa kuliko wao, na nitasema ukweli, tulikuwa tunaifurahia ile hofu. Zile televisheni za mtandaoni (yaani mtu mmoja, simu moja na kipaza sauti chenye sponji jekundu) zilikuwa zinatuletea mgonjwa mpya kila baada ya chakula cha mchana, leo Singida, kesho Morogoro, keshokutwa anakanushwa na hakuna anayesoma kukanushwa kwake. Wataalamu walikuwa wakitueleza tunawe mikono na tusiguse maji ya mwili ya mgonjwa, wakatazamwa na watu wachache kuliko video ya mbuzi aliyepanda juu ya bajaji.

Mimi nilikuwa mbaya kuliko wote. Ninafanya kazi masjala katika wizara moja kule Mtumba, kazi yangu ya mchana kutwa ni kuhakikisha hakuna karatasi inayopita bila kujulikana imetoka wapi na nani kaisaini, na bosi wangu ananisifu kwa hilo. Nikirudi nyumbani nilikuwa admin wa grupu la mtaa, tuliita Sauti ya Mtaa, na huko nilipitisha kila takataka, sauti za madaktari wasio na majina, picha za watu wamelala chini ambazo hata hazikuwa za nchi hii, mimi natuma tu halafu naandika "tuwe makini ndugu zangu". Nilikuwa napenda kuwa wa kwanza. Nikishinda kwa dakika moja nilikuwa najisikia mtu.

Basi asubuhi ile nimechukua ruhusa kazini, nimekaa ndani nasukwa, nusu ya kichwa imeshasukwa na nusu imesimama, msusi akasema uzi umeisha. Mama akasema atumwe mtu, mimi nikasema dukani ni hapo tu, nakwenda na kurudi. Mama akanishika kitenge. "Pendo, siku ya posa binti hatoki." Nikamwambia nani ataniona. (Hilo swali Mungu alilijibu vizuri sana.)

Kwenye benchi la duka la Mangi alikuwa amekaa mzee simjui, suti ya kijivu imekunjamana kwa safari, ameinamisha kichwa, ameziba pua kwa leso, na leso ni nyekundu. Anamwomba Mangi maji ya kunawa. Mangi akamuuliza ametokea wapi, mzee akasema Mwanza, jana jioni ndiyo nimeingia.

Sasa nyinyi mliokulia Dodoma niambieni. Mwezi wa nane, upepo unavuma tangu alfajiri, midomo inapasuka, hewa imekauka kiasi kwamba nguo inakauka kabla hujamaliza kuianika, mtu ametoka pembeni ya ziwa anatokwa damu puani. Sisi wenyewe tulikuwa tunatokwa na muhina, damu hiyo hiyo ya puani, mstarini shuleni, mwalimu anasema inama, nenda kanawe, rudi darasani. Nilikuwa nalijua hilo tangu nina miaka sita. Lakini pale sikuona muhina, niliona habari, na mkono wangu ukaenda kwenye simu kabla ya kichwa.

Nikajibanza nyuma ya nguzo ya umeme nikarekodi. Sauti yangu ile mnaijua: "Jamani wana Nkuhungu, ugonjwa umeshafika, huyu hapa ametoka Mwanza anatoka damu, msimguse, kaeni mbali." Nikatuma kwenye grupu. Ningeweza kumpa maji. Ndoo ya maji ya dukani ilikuwa karibu na mimi kuliko na Mangi.

Kilichofuata kilikwenda haraka. Mangi alisoma ujumbe wangu akiwa amesimama hatua mbili kutoka kwa mzee, akaingia ndani akafunga dirisha la duka. Kinyozi wa jirani akamtoa mteja aliyenyolewa upande mmoja. Watu wakaja, na hapo ndipo ninapowadharau binadamu nikiwemo mimi, maana mtu anayeogopa kufa hukimbia, sisi tulikuwa tunakuja, tumesimama duara tumeinua simu, barakoa ziko kidevuni ili tusikike vizuri tukipiga kelele. Mzee akiinuka, duara linarudi nyuma. Akikaa, linasogea. Alijaribu kusema, "Wanangu, ni pua tu," na mwanaume mmoja mwenye mwili mkubwa kuliko geti akamwambia asifungue mdomo.

Mmoja wa wale wa televisheni za mtandaoni, na sponji lake jekundu, akafika kwa bodaboda. Akauliza shuhuda wa kwanza ni nani, na watu wakanisukuma mbele, au tuseme nilisukumika kirahisi. Akaniuliza nimejisikiaje nilipomwona mgonjwa. Ningesema nimeona mtu anatokwa damu puani, ilikuwa inatosha na ilikuwa kweli. Lakini kipaza sauti kikiwa mdomoni ukweli unaonekana mdogo, nikaongeza kwamba macho yalikuwa mekundu, nikaongeza kwamba nilimwona akitapika, nikamalizia kwa kuiomba serikali. Nywele nusu nimesuka, nusu zimesimama. Mzee alikuwa ananitazama muda wote, hakunipinga, alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka namba ya simu.

Wahudumu wa afya walikuja na gari, wawili wamevaa yale mavazi ya kufunika mwili mzima na muuguzi mmoja mama wa makamo. Akampima joto, hana homa. Akamuuliza maswali, ametoka wapi hasa, amehudhuria msiba, amemuuguza nani, hapana, hapana. Akamwambia, "Baba, ni hewa yetu hii, ni kavu, ukilala paka mafuta ya mgando puani." Halafu akatugeukia. "Na nyie mmezaliwa hapa. Aibu." Wakamchukua hata hivyo kwenda kumwangalia kwa saa chache, kwa utaratibu wao, na watu walipoona anapanda gari ndiyo wakathibitisha kwamba ni mgonjwa. Yule wa sponji hakungoja muuguzi. Alikuwa ameshaondoka, na kabla sijafika nyumbani video ilikuwa na kichwa: TAHARUKI DODOMA, DADA ASIMULIA ALIVYOMWONA AKITAPIKA DAMU. Damu ya kutapika aliiongeza yeye, kutapika niliongeza mimi. Mangi alitoka na mafuta ya taa akalichoma benchi.

Mchana Masanja akapiga simu, anasema mshenga hampati baba mdogo, mzee alilala gesti ya hapo hapo Nkuhungu, asubuhi alitoka kwenda kuangalia angalau nyumba iko wapi asije akachelewa, tangu hapo simu haipokelewi. Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia asijali, wazee hupenda kutembea. Nilikuwa nasoma maoni ya watu chini ya video.

Wageni walifika saa kumi na moja badala ya saa kumi. Mimi niko chumbani, kitambaa kichwani, nasikia baba anakaribisha, nasikia mshenga anaanza maneno yake ya ua na bustani, nikachungulia pazia. Suti ya kijivu. Pamba kwenye tundu moja la pua.

Nilikaa chini sakafuni. Nilitamani kweli niwe na huo ugonjwa. Mama alipokuja kuniita aliona uso wangu akadhani ni haya ya mchumba, akanivuta mkono kwa furaha mpaka sebuleni, nikapiga magoti nikasema shikamoo kwa sauti ambayo mtaa mzima ulikuwa umeshaisikia.

"Marahaba," akasema Mzee Kulwa. Akamgeukia baba. "Huyu tumeshaonana. Asubuhi alinitangaza."

Baba hakuelewa. Mshenga, mtu wa watu, akatoa simu akamwonyesha, na sebule nzima ikanisikiliza nikiiomba serikali. Baba yangu ni mzee wa kanisa. Alivua miwani akaishika tu.

Mzee Kulwa alitoa barua mfukoni, akaiweka juu ya goti lake, siyo mezani. "Barua ninayo," akasema. "Ila mimi leo nimezungukwa kama fisi aliyeingia zizini, na hakuna aliyeniuliza jina. Naomba huyu binti anipeleke kwa hao majirani nikawasalimie. Tukirudi tutaongea ya ua."

Mama akasema kwa upole kwamba kwa mila binti hatoki nje kabla posa haijapokelewa. "Mila zenu naziheshimu, mama," mzee akajibu, "lakini asubuhi alikuwa nje."

Tulitoka. Nilimshika mkono mzee, mkono wangu umelowa jasho, na tukapita mlango kwa mlango nami nikiwa nasema yale yale, huyu ni baba yake mdogo na Masanja, anaitwa Mzee Kulwa, amepimwa, haumwi, mimi ndiye niliyesema uongo. Mangi alijibu akiwa nyuma ya nondo za dirisha na hakutoa mkono, akasema maduka yamefungwa, na taa inawaka. Kinyozi alisema amesikia, asante, tusisogee. Yule mkubwa kama geti hakufungua kabisa. Mama Asha tu, mama wa Kondoa anayeuza vitumbua, ndiye aliyetoka na kanga yake, akamshika mzee mikono yote miwili, akamwambia, "Pole baba, karibu Dodoma, sisi siyo watu wabaya," na mzee akasema ahsante mwanangu, na hakumwachia mikono upesi. Mpaka hapo nilikuwa nalia kwa ajili yangu, kwa ajili ya ndoa yangu. Hapo ndipo nilipolia kwa ajili yake.

Tuliporudi aliiweka barua mezani. Alisema Masanja anampenda binti huyu, na yeye hatavunja kitu cha mtoto wa kaka yake kwa sababu ya pua. Mama akapiga vigelegele, na nadhani vilikuwa virefu kuliko ilivyofaa.

Kesho yake nilijitoa kwenye grupu, nikamtafuta wa sponji jekundu nikamwomba aifute au anihoji tena nieleze ukweli. Alinisikiliza vizuri, akaniambia, "Dada, mzee kuwa mzima siyo habari. Na ile yako ndiyo imefanya vizuri kuliko zote mwezi huu." Haikufutwa. Mpaka leo ipo.

Mnaotaka kujua mwisho, ndoa tumefunga, mlikula pilau. Mliniuliza mbona upande wa Masanja baba mdogo hakuonekana, tukasema anaumwa mgongo. Hakuwa anaumwa. Kwenye basi la kurudi abiria walimtambua wakashinikiza ashuke, akashushwa, akangoja jingine nusu siku. Kijijini video ilimtangulia, na wiki hizo hizo alifiwa na dada yake wa tumbo moja, ndugu wakamwomba akae mbali na kaburi mpaka ijulikane kama ni mzima. Alisimama barabarani. Hayo sikuambiwa na yeye, aliniambia Masanja, mara moja tu, na hajayarudia.

Tulipompigia kumwita harusini alisema anatubariki, ila hatakuja, watu wa kwenu bado wananiogopa, mwanangu, nisije nikawaharibia shughuli. Akasema alishanisamehe siku ile ile. Najua alinisamehe. Mimi simu yangu ikiingiza ujumbe wa kusambaza naufuta kabla sijamaliza kuusoma, na nikiona mtu anatokwa damu puani natafuta maji.