Jicho la Upepo

Mume wangu ni fundi wa fremu za madirisha, mwaka wa ishirini sasa, na maneno yake ya siku nzima hayajai kiganja. Ukimuuliza kama ameshiba, anaguna.

Akaja mwalimu mmoja wa Kiingereza, mjane, kuagiza madirisha mawili. Akakaa kwenye benchi la karakana akimhadithia kwamba neno window Waingereza walilipata kwa watu wa kaskazini waliovuka bahari zamani, na kwa hao maana yake ilikuwa jicho la upepo.

Ee, bubu akapata ulimi! Akila, jicho la upepo. Akivua viatu, jicho la upepo. "Mama watoto, kumbe zamani lilikuwa tundu tu, halina kioo, la kupitishia hewa na moshi!"

Moshi! Mimi niliyepika miaka kumi na miwili kwenye jiko lisilo na dirisha, macho mekundu kama mlevi, leo niletewe habari za moshi kutoka kwa mwalimu! Wivu ulinikaba, sifichi. Wifi yangu naye akachochea: "Lisemwalo lipo, wifi. Kama halipo, laja."

Sasa, fundi ana kawaida yake. Ule upande wa fremu utakaofichwa na ukuta, huandika kwa penseli jina la mwenye nyumba. Hajawahi kuacha.

Jumamosi alipotoka, niliingia karakana. Madirisha ya mwalimu yalikwishapelekwa, lakini palikuwa na fremu ya tatu, imepigwa msasa mpaka inateleza. Nikaigeuza. Jina hakuna. Kumeandikwa: "Jicho la upepo la kipenzi changu."

Kipenzi! Tangu anioe hajaniita hivyo hata kwa bahati mbaya. Nikashika msumeno. Nilikuwa nimemaliza kukata miguu yote miwili ya fremu, ile miti ya pembeni, aliporudi, nyuma yake mwashi na nyundo yake.

Aliitazama fremu. Akautazama msumeno mkononi mwangu.

"Mwashi amekuja kutoboa ukuta wa jikoni kwako," akasema.

Nilimwomba radhi, nikalia, nikamlaani wifi. Hakutengeneza nyingine. Aliipachika hivyohivyo, fupi shubiri nzima, juu karibu na dari, na kuona nje lazima nipande kigoda. Moshi unatoka vizuri. Jana nilimuuliza lile neno lilitoka wapi vile, anikumbushe.

Akaguna.