Meza Moja na Baba Mkwe

Kituo chetu cha televisheni kilikuwa ghala la alizeti kabla hakijawa kituo, na ukiingia asubuhi harufu ya mafuta ilikuwa bado inakupokea mlangoni. Ilikuwa miaka ile serikali ilipoanza kuwaruhusu watu binafsi kufungua vituo. Mfanyabiashara mmoja wa Singida mjini akatandaza nyaya kwenye nguzo, akaingiza picha majumbani mwa watu. Msomaji wa habari alikuwa mmoja tu, baba mkwe wangu. Mimi nilikuwa mpiga chapa wake.

Katika ukoo nilioolewa, mkamwana hakai karibu na baba mkwe, hamtazami usoni, na jina lake halitamki hata akiulizwa hospitali. Kazini hatukupata shida. Nilichapa habari, nikaziweka mezani, nikatoka. Ndipo yeye akaingia, amenyoosha shati lake mwenyewe, akasoma mpaka mwisho kwa sauti nzito isiyo na haraka. Tangu mama mkwe afariki, kazi ile ndiyo iliyokuwa inamtoa kitandani. Wote nyumbani tulilijua hilo na hakuna aliyelisema.

Kisha mwenye kituo akafunga dishi kubwa na kuona vituo vya nje: habari kutwa nzima, mwanamume na mwanamke meza moja, wanapokezana maneno na kutaniana. Akaanza kuliota jambo hilo. Sauti yangu alikuwa ameisikia siku nilipoombwa kusoma matangazo ya misiba.

"Kesho unakaa na mzee," akaniambia.

"Mzee yupi?" nikauliza, utadhani walikuwepo wawili.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Nilivuta kiti changu mpaka bega likatoka kwenye picha. Mzee alisoma sehemu yake, akasoma na yangu, maana tangu aanze kazi hakuwahi kumwachia mtu sentensi. Mimi nitamkatizaje? Nilisubiri anyamaze, na aliponyamaza niliendelea kusubiri, nihakikishe amemaliza. Kisha akakohoa. Sikufikiri. Nikainuka, nikachukua glasi ya maji, nikampelekea nimepiga goti, huku nyumba zote zenye waya zikitazama kiti kitupu.

Wiki haikuisha, mji ukawa umeamua kwamba tumegombana. Wamama watatu wa mtaani walikuja nyumbani kutusuluhisha, wamebeba na sukari. Nilipowaeleza, mkubwa wao akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kumbe hujafunguliwa mdomo! Wewe mtoto, si baba mkwe wako akupe kitu mbele ya watu, useme naye?"

"Nimwambie mimi?"

"Ah, hapo hapana," akasema. "Hilo linatoka kwake mwenyewe."

Nilikuwa na hasira na mwenye kituo, na dishi lake, na wazungu wake wanaochekeana saa mbili asubuhi. Lakini yeye naye alikuwa amekwisha kukata shauri. Alituita wote wawili, akazungumza na mzee kwa adabu, macho chini.

"Shikamoo, mzee. Nimejitahidi. Mkishindwa tena kesho, nitamleta kijana kutoka Dodoma akae na huyu binti. Wewe utapumzika."

"Marahaba," mzee akajibu, akainuka, akatoka. Jioni ile sikumsikia akiwasha hata redio. Nilikaa jikoni nikalia, kwa sababu nilijua kiti kile kikichukuliwa, atakayebaki mezani ni mimi, na atakayekaa nyumbani akitazama ukuta ni yeye.

Asubuhi alikuja kazini na kuku kwapani. Mpiga picha akadhani ni kitoweo cha mtu. Taa zikawaka, kamera ikafunguliwa, mzee akamweka kuku juu ya meza ya habari, mzima, anapepesa macho.

"Ndugu watazamaji," akasema, "kwetu mkamwana hafunguliwi mdomo kwa maneno matupu. Anafunguliwa kwa kitu, mbele ya mashahidi. Leo mashahidi ni ninyi." Akanisogezea yule kuku. "Mwanangu, pokea. Kuanzia sasa nitazame, uniite baba, na nikizidisha maneno unikatize."

Nilipokea kwa mikono miwili, nikamtazama. Nilikuwa nimeishi nyumba moja naye tangu niolewe, na sikujua kwamba kidevu cha mume wangu kilitoka kwake, wala kwamba ana macho mapole kiasi kile. Midomo ilikuwa inamtetemeka. Kumbe alikuwa anaogopa kuliko mimi. Nilimpenda hapohapo, bila mzaha, kama nilivyompenda baba aliyenizaa.

"Asante, baba," nikasema.

Kuku akaona muda unapita, akanyea muhtasari wa habari. Mzee akaangua kicheko, na mji ule haukuwa umewahi kumwona akicheka. Simu ya kituo ikaanza kulia na haikunyamaza. Watu walitaka kujua kama mkamwana amepokea vizuri, na kama kuku ni tetea. Nyuma ya kamera mwenye kituo alikuwa ameshika kichwa, kisha akaanza kucheka naye. Habari za kijana wa Dodoma zikaishia hapo.

Tukafuta karatasi, tukaanza. Mzee alisoma habari za mvua, akaingia kwenye bei ya alizeti, na katikati ya ukurasa akanyamaza. Nikadhani kapoteza mstari. Nikamwonyesha kwa kidole. Akatikisa kichwa, akanisogezea ukurasa.

"Endelea wewe, mwanangu," akasema, taratibu, kana kwamba kamera haipo. "Tangu mama yenu aondoke nimekuwa nasema peke yangu."