Uso Uliopita Kwenye Kompyuta

Tulikuwa wanne ndani, na mtoto mgongoni. Mimi. Dada yangu, tumbo moja, yeye ndiye mkubwa. Mkwe wangu, mjane wa kitindamimba wangu, ndiye aliyembeba mtoto. Na mjukuu wangu, wa binti yangu aliyeolewa Ulemo, huyo anajua mambo ya kompyuta. Majina yao ninayo yote, hata ya babu zao, ila wameniomba nisiyaandike.

Mwanangu alikuwa na kibanda cha kupiga picha pale Misigiri. Biashara ilipolala akaenda Sekenke kutafuta dhahabu, duara, shimo la wachimbaji, likamfukia. Yeye tulimtoa, simu yake ikabaki chini. Picha yake hatukuwa nayo hata moja. Mpiga picha ni yeye, sasa yeye angepigwa na nani? Na tulikuwa tunajengea kaburi, fundi anasubiri picha ya kuweka kwenye marumaru.

Iliyobaki ni kompyuta yake, nayo umeme ulishawahi kuiunguza, ikatengenezwa, haikurudi sawa. Mjukuu alijaribu kufungua picha zikagoma. Ila ukiiacha bila kuigusa ilikuwa inaanza kupitisha picha yenyewe, hii inaondoka, ile inakuja. Mjukuu anaita skrini seva. Zilikuwa zimeharibika, jamani. Mistari ya kijani na zambarau, sura za watu zimekatwa vipande, pua huku, kidevu kule.

"Bibi, akitokea mjomba nampiga picha kwa simu hapo hapo," mjukuu akasema. "Lakini asiguse mtu. Ukigusa zinaondoka."

Tukakaa tunachambua dengu, macho kwenye kioo. Wakapita watu wa kijiji na mimi nawataja, huyu kwa kanga yake, yule kwa anavyosimama. Wengine walishakufa. Ikaja ya harusi, kichwa cha bwana harusi kimeangukia kwa mbuzi wa mahari.

"Huyo beberu ni nani?" dada akauliza.

"Ni bwana harusi, mama mkubwa," mkwe akamjibu.

"Afadhali. Siku yenyewe alikuwa mbaya zaidi."

Mkwe akacheka mpaka mtoto akashtuka mgongoni. Tangu msiba nilikuwa sijamsikia akicheka.

Kisha akatokea. Ilikuwa siku ya ubatizo wa mtoto, mkewe alimnyang'anya kamera akampiga yeye. Paji la uso lote mistari, jicho moja limevutwa mpaka sikioni, lakini anacheka, mwanangu, kile kicheko chake cha kuinamisha kichwa.

"Ndiye," mkwe akasema.

Mjukuu akainua simu. Na dada yangu naye akainuka, upindo wa kanga mkononi. Kwa mama yetu picha za marehemu zilitundikwa ukutani, na vumbi letu la kiangazi mnalijua. Ukiingia, kabla hujaketi, unamsalimu marehemu na kumfuta uso. Ndivyo tulivyolelewa.

"Pole mwanangu, wamekuacha mchafu hivi," akasema, akafuta. Kanga ikaburuta kwenye vitufe. Kioo kikabadilika, mtu hayupo.

"Bibi jamani!" mjukuu akapiga kelele.

"Nimemfuta vumbi tu. Kaenda wapi?"

Tukasubiri. Wakapita wengine wote, hata bwana harusi na mbuzi wake, yeye hakurudi. Jioni kompyuta ikatoa harufu ya kuungua, ikazimika, na fundi aliyeifungua alitikisa kichwa tu. Kaburi limejengwa. Pale pa picha wamepaka saruji. Dada akija siku hizi haingii ndani, anakaa uani, na nikimwita anasema hana haraka.

Mtoto ameanza kuuliza baba yake alikuwaje. Mama yake anamwambia alikuwa na mwanya. Mimi namwambia alikuwa na kovu shavu la kulia, dada anabisha kutokea uani kwamba ni la kushoto. Nilimzaa mimi, lakini nikifumba macho inakuja ile sura iliyokatika, na siwezi tena kuapa. Ninyi mliopigwa picha pale Misigiri, mlisimama mkimtazama mbele yenu. Kama kovu nimeliweka siko, njooni mnirekebishe, mtoto angali mdogo, hajashika neno la mtu.