Hadithi za Kuamia Ndege

Mwalimu Theodosia alikuwa na dharau ya kutosha Ifakara nzima, wala hakuibania. Aliidharau kwaya ya parokia kwa kuimba puani. Aliwadharau walimu wa siku hizi wanaofundisha Kiingereza wasichokijua. Alimdharau mke wa mwanawe kwa nywele za kununua. Lakini dharau yake kubwa, ile ya kila siku, aliiwekea vile vitabu.

Vitabu vyenyewe vilikuja kwenye sanduku, sadaka ya Wakristo wa Marekani, miaka mingi iliyopita. Padri alifungua, akaona kila jalada lina binti mwenye kofia ya kitambaa, amesimama kwenye majani anatazama mbali. Akafunga. "Mwalimu, wewe ndiye unayejua Kiingereza," akasema, na sanduku likahamia kwa Theodosia. Vilikuwa vitabu vya mapenzi, ila mapenzi ya watu wa Mungu, ya enzi zile wazungu ndiyo kwanza wanashuka melini kwenda kufyeka mapori ya Marekani. Theodosia alivisoma vyote, na kila alichokimaliza alikitukana, kisha akafungua kingine.

"Mwanamke kakaa kwenye mkokoteni wa ng'ombe kutoka masika mpaka kiangazi," alikuwa akisema, "na hajanuka jasho hata ukurasa mmoja. Anafyeka, anakamua, anafua, jioni mwanamume anamwambia mikono yako laini. Laini ya wapi? Na wenye nchi yao je? Wanatokea mara moja, wanaonyesha maji yalipo, wanapotea msituni. Kitabu hakiulizi walikokwenda. Kinasema tu Mungu kawapa wageni ardhi."

Posa yake yeye haikuzidi muda wa kuchemsha chai. Marehemu mumewe, Kelestini, alifika na samaki wawili aina ya kitoga wakining'inia kwenye kamba, akamwambia baba wa Theodosia, "Mzee, nimesikia binti yako anajua kufoka. Nyumba yangu haitaibiwa." Wakaoana, wakaishi vizuri, na hakuna aliyepiga magoti porini kumwuliza Mungu kama amshike mwenzake mkono au asubiri mavuno.

Kelestini alipofariki, alimwachia shamba la mpunga ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro, na mtoto mmoja, Sylvanus, anayefanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Sylvanus ni mtoto mzuri, na hapo ndipo ubaya ulipo. "Mama," alisema, "mwaka ambao shamba litakushinda, nakuja kukuchukua. Utakaa na sisi kota." Theodosia alizijua kota, zile nyumba za wafanyakazi wa miwa. Maana yake ni kulala chumba kimoja na wajukuu na kuomba chumvi kwa yule mwenye nywele za kununua. Afadhali afe njaa kwake, alisema, na hakuwa anatania.

Kwa hiyo kila mwaka mpunga ulipaswa kuingia ndani, na mwenye uamuzi hakuwa yeye, ni ndege. Mpunga ukianza kuweka maziwa, kwelea kwelea wanashuka kundi kwa kundi, na usipokuwa na mtu wa kuamia, wa kupiga debe na kurusha kombeo tangu alfajiri mpaka jua lizame, utavuna makapi. Magoti ya Theodosia yalikuwa yamekwisha. Sauti alikuwa nayo, ila ya kutukana mtu wa karibu. Alikuwa akipanda kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti katikati ya shamba, anakaa na kitabu chake, na ndege wanakula huku anawaona.

Ndipo akaja Digna, binti wa Levina, jirani wa shamba. Alikuwa ameishia darasa la saba, mrefu, mpole, wa maneno machache.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Nasikia kitabu chako kina hadithi. Nisimulie, mimi nitakuamia na huku kwako."

Theodosia alimtazama juu mpaka chini. Wajinga ndio waliwao, akawaza. Upuuzi ambao yeye asingewashia hata moto, huyu anautaka kwa kazi ya kutwa nzima. "Panda," akasema.

Misimu ikapita hivyo. Theodosia anasimulia kwa Kiswahili, anaweka dharau zake katikati. Digna anarusha kombeo, anaitikia "mhm," anapiga debe. Mpunga unaingia ndani, na Sylvanus anakuja, anaona magunia, anarudi peke yake.

Mwaka huu kitabu kilikuwa cha binti aitwaye Paisensi, anayesafiri kwenda kuolewa na mwanamume asiyemjua, Eliya, aliyefiwa na mke na kuachiwa watoto watatu kwenye pori la mbali. "Anatafuta mtumishi wa bure," alisema Theodosia, "ila kwa kuwa anasali kabla ya kula, tunaambiwa ni mchumba." Digna alikohoa, akarusha donge la udongo.

Siku chache baadaye Levina alikuja kuomba moto, akatoa habari: Digna kaposwa. Mwanamume ni Ndaki wa Mngeta, mkulima, amefiwa na mke, ana watoto watatu. "Anataka harusi mara baada ya Pasaka," alisema Levina.

Theodosia alisema hongera kama inavyopasa. Moyo wake ulishuka mpaka kwenye kandambili. Pasaka ilikuwa karibu, na mpunga ndiyo kwanza unaweka maziwa. Digna akienda Mngeta sasa, ndege watakula kwa nafasi, na kabla ya kiangazi kuisha yeye yuko kota. Alilitafuta kosa, akaliona mara moja: ni kile kitabu. Kimemjaza mtoto wa watu ujinga wa wajane na mapori. Basi kilichomtia ujinga ndicho kitakachomtoa.

Kesho yake alikifungua palepale walipoishia, lakini macho yake hayakusoma kitu. Akasimulia kuwa Eliya kumbe ni mlevi. Watoto wake wakamwagia Paisensi maji ya moto. Eliya akampiga kwa mpini wa shoka, na sala zake zote akazimeza kwa pombe. Mwishowe homa ikamshika Paisensi, akafa peke yake kwenye mkokoteni, akazikwa bila hata msalaba.

"Mwisho," akasema Theodosia, akafunga kitabu.

Digna alikuwa anaviringisha udongo mkononi. "Kafa?"

"Kafa. Ndivyo kitabu kinavyosema. Hao wanaume waliofiwa ndivyo walivyo."

"Mwalimu, vitabu vyako vyote vinaisha kwa harusi. Yule wa mwaka juzi aling'atwa na nyoka akapona kwa maombi. Huyu homa tu kafa?"

Theodosia alikigeuza kitabu, jalada chini.

"Ndaki nilishamwambia kabla hata ya Kwaresma," alisema Digna taratibu. "Harusi mpaka mpunga wa Mwalimu uingie ndani. Alinuna, akapoa. Mama hakukwambia kwa sababu bado hajui, ameshika ile tarehe ya kwanza."

"Kwa hiyo ungebaki," alisema Theodosia, na akajitahidi kurudisha sauti yake ya kawaida. "Sawa. Umeshindwa kuziacha hadithi."

Digna alicheka kidogo, si kwa ubaya. "Mimi hadithi zako sizipendi, Mwalimu. Mwanamke mzima anangoja kitabu kizima ashikwe mkono. Hata kupika hajui, anaoka oka tu. Ila mwaka ule tulikuwa tunakuona kutoka kwetu, umekaa hapa juu, ndege wanamaliza mpunga. Nikamwambia mama, nikamsaidie Mwalimu. Akasema, ukimsaidia bure atakutukana. Ndiyo nikaomba hadithi."

Theodosia aliona aibu, aibu ya kweli, ikampanda mpaka masikioni. Misimu yote ile alidhani anamlisha mjinga makapi. Akaokota kombeo la Digna, akaweka donge, akalizungusha kama alivyoona wenzake wakizungusha, akaachia. Donge likaanguka chini ya ngazi ya dungu. Ndege hata hawakugeuka.

Digna alilichukua kombeo, akarusha mara moja, akapiga debe. Kundi lote likainuka, likaenda kutua mbali, kuelekea mtoni. Kisha akakaa, akaegemea mti wa dungu.

"Haya, simulia," akasema.

"Si umesema huzipendi?"

"Sizipendi. Lakini ukinyamaza ndiyo mbaya zaidi. Huyo hajafa bwana. Ameshikwa mkono, au bado?"

Theodosia alikifungua tena kitabu, akatafuta kwa kidole ukurasa ule alipoacha kusema kweli. Ilimchukua muda, maana macho yalikuwa na maji.

"Bado," akasema.