Tochi ya Kung'ata

Mume wangu ni fundi magari, na tangu anioe amefanya kazi akiwa ameng'ata tochi. Mkono mmoja una spana, wa pili umeshikilia nati isianguke, na tochi iko mdomoni. Meno ya mbele yamemlegea, mate yanamtiririka mpaka kwenye kola. Nikimwambia atafute tochi ya maana, ananijibu, "Mama watoto, si inawaka?"

Inawaka, ndiyo. Lakini kaka yake, huyo shemeji yangu, alikuwa anaijua tochi ile kuliko mimi. Shemeji akiwa na jambo, halileti sebuleni. Anangoja mdogo wake ainame chini ya boneti, kinywa kimejaa chuma, ndipo anamsogelea na maneno yake laini. Utamjibu vipi? Hivyo ndivyo ngazi yetu ilivyoondoka isirudi. Hivyo ndivyo gari lake linavyotengenezwa bure. Na safari hii akaja na kubwa: uwanja wetu wa nyuma, hapo hapo penye gereji, ambao marehemu baba yao alimwachia mume wangu, eti yeye ajenge vyumba vya kupangisha. Wakati huo mume wangu alikuwa anaifuata nati kwa macho, kichwa kikashuka. Shemeji akapiga makofi.

"Umeona, shemeji? Ameitikia kwa kichwa!"

"Ameitikia nini? Anatafuta nati huyo!"

Akaniambia mambo ya ndugu niwaachie ndugu. Loo! Uwanja ukienda, na gereji imekwenda, sisi tutakula matofali yake?

Nikafunga kitambaa kichwani, huyoo, mpaka dukani. Nikasema nataka tochi ya fundi magari. Muuzaji akanitolea dude refu kama mchi.

"Hii, mama, inamulika mpaka mtaa wa pili."

"Mtaa wa pili nina nini? Nati iko hapa!" Nikamwonyesha mbele ya pua yangu.

Akaleta nyingine, kali, inapiga doa moja jeupe na pembeni giza tupu. Nikaikataa. Akaleta ya kuvaa kichwani. Hiyo nilitaka kuichukua, halafu nikafikiri: nayo inafuata kichwa, na mimi vichwa vinavyoshuka nimevichoka.

"Mama, unatafuta tochi au unatafuta mchumba?"

Duka zima likacheka. Damu ikanichemka. "Natafuta itakayojishika yenyewe, mtu apate kufumbua mdomo!"

Ndipo akachomoa tochi fupi, bapa, yenye sumaku mgongoni na ndoano ya kutundikia. Nikaibandika kwenye mlango wa chuma, nikaubamiza mlango. Haikuanguka. Nikaingia nayo chini ya kaunta, nao wacheke wanavyotaka. Mwanga ukatanda kote, nikaona mpaka kutu ya misumari, na macho hayakuniuma. Nikatoka na vumbi magotini, nikainunua.

Kesho yake shemeji akaja, gari linakohoa. Mume wangu akafungua boneti, akaibandika tochi kwa ndani, injini nzima ikang'aa. Mdomo mtupu! Mimi nimesimama na beseni la nguo, roho juu.

"Basi, mdogo wangu, waashi wanaanza kesho. Si tulishaelewana?"

Kichwa cha mume wangu kikaanza kushuka.

Jamani! Nimehangaika, nimechekwa na watu nisiowajua, na huyu bado ananyamaza? Nikalibwaga beseni, nikaibandua tochi, nikammulika mtu usoni. Si shemeji. Mume wangu.

"Baba watoto, leo umeng'ata nini?"

Akakodoa macho. Akajifuta mikono kwenye suruali, taratibu, kidole kimoja baada ya kingine. Nilimwonea huruma, na hasira haikupungua.

"Hapana, kaka," akasema. "Uwanja siutoi."

Shemeji akashika kiuno. "Siku ile si ulikubali?"

"Siku ile nilikuwa nimeng'ata tochi," akasema mume wangu. "Na wewe, kaka, hujawahi kuja siku ambayo sijang'ata."